Nyekundu Iliyogeuzwa Njano

Koti lilikuwa la sufu nzito, la kijivu, na mikono yake iliishia katikati ya mikono ya mwanaume aliyekuwa akilijaribu. Alijitazama kwenye kipande cha kioo kilichoegemezwa kwenye nguzo ya kibanda. Akavuta mkono wa kushoto, ukapanda wa kulia. Nyuma yake mtu akacheka.

Aligeuka. Msichana mwembamba, aliyevaa sweta la rangi ya damu ya mzee na sketi ya kitenge iliyomfika vifundoni, alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita. Soko la mitumba la Sumbawanga lilifurika watu, upepo wa Ufipa ulipenya hadi kwenye mifupa, na kila mtu alitafuta kitu chenye manyoya.

“Samahani kaka,” alisema. “Sikukusudia.”

“Umekusudia kabisa. Sema ukweli, limenikaa?”

“Limekukaa kama la kuazima.”

“Na bado nitalinunua. Baridi yenu hii inaua, dada yangu. Mimi nimetokea bonde la Rukwa, kwetu anayevaa koti ni ng’ombe peke yake.”

“Basi nunua blanketi. Blanketi halina mikono.”

Muuza mitumba alicheka hadi akaangusha rundo la suruali. Mwanaume yule alipoinuka baada ya kumsaidia kuziokota, msichana alikwisha kupotelea kwenye umati. Hakuwa amemwuliza hata jina.

Jumatatu alimwona tena, amesimama mbele ya watu katika ukumbi mdogo wa Shirika la Maghala ya Nyanda, chaki mkononi. Aliitwa Cornelia. Alikuwa ofisa mipango, na tangu agizo liliposhuka kutoka juu kwamba kila taasisi ya umma iwe na mratibu wa vihatarishi, kazi hiyo alibebeshwa yeye. Alipelekwa Dodoma kwenye semina, akarudi na makabrasha, na sasa aliwafundisha wasimamizi wa maghala namna ya kuitambua hatari kabla haijawa msiba.

“Tunajiuliza mambo mawili,” alikuwa akisema. “Uwezekano wa jambo kutokea, na athari yake likitokea. Vyote vikiwa vidogo, tunapaka kijani. Vya wastani, njano. Vikubwa, nyekundu, na nyekundu inakwenda makao makuu moja kwa moja.”

Mlango ukalia. Mtu mrefu mwenye koti fupi la kijivu akaingia akiinama.

“Mwenye koti, kaa,” Cornelia alisema, akijitahidi asicheke. “Jina?”

“Maganga Ndalahwa. Nimehamishiwa ghala la Mpui.” Alikaa, kisha akanyoosha mkono. “Mwalimu, nina swali. Hicho kihatarishi kina mwenyewe?”

“Lazima. Kila kihatarishi kina mmiliki, ndiye anayewajibika nacho.”

“Na mtu akiwa hatarini kupenda, mmiliki ni nani?”

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Cornelia aligeukia ubao, masikio yakimwaka moto.

“Yule aliyechelewa kufika,” alijibu.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mchana Maganga alipanga mahindi Mpui; jioni alipiga simu.

“Nelia, umekula?”

“Nimekula. Wewe?”

“Nimekula ugali wa ulezi kwa Silvana. Anakusalimia. Anasema mkwe wake ni mwembamba mno, atapeperushwa na upepo.”

“Mwambie mimi ni Mfipa, upepo huu nimezaliwa nao. Atakayepeperushwa ni Msukuma wangu.”

“Rudia hapo.”

“Wapi?”

“Hapo kwenye ‘wangu’.”

Silvana alikuwa mshona magunia wa ghala la Mpui, mjane mwenye mikono migumu na sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango. Alimchukua Maganga kama mwanawe tangu siku alipofika, na Cornelia alipokwenda Mpui kukagua, hakumwachia mpaka ale. Alimtunza mama yake mzee, na alikuwa na hamu moja tu aliyoisema wazi: kuimba kwenye harusi ya hao wawili.

Kwa akina Cornelia, mtaa wa Izia, mambo yalikuwa mazito kidogo. Mama yake Cornelia, mama Kalista, alisikia kwamba bintiye anachumbiwa na mtoto wa wafugaji.

“Watu wa ng’ombe hawana makazi, mwanangu,” alisema akipeta maharage. “Leo wako hapa, kesho wamehama na nyasi.”

“Mama, yeye ni mtumishi wa umma.”

“Basi ndiyo mbaya zaidi. Atahamishwa.”

Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya misa, Maganga alimchukua Cornelia nyuma ya ghala. Msimu ulikuwa mkubwa. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameondoka mapema na malori yao kuelekea Kasesya na Zambia, na wakulima waliobaki walileta mahindi yote kwa Shirika. Nje ya uzio, mikokoteni ya ng’ombe ilijipanga mpaka barabarani. Ndani, magunia yaliegemea ukuta wa nyuma hadi karibu na bati.

“Tazama,” alisema.

Cornelia alitazama. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo. Kutoka kwenye msingi ufa ulipanda kama mzizi, na Maganga alipoingiza mkono humo, ufa uliumeza mpaka kwenye kifundo.

“Umemwambia meneja?”

“Kwa mdomo. Akaniambia ukuta huu umesimama tangu enzi za ushirika, nisiwe mwoga.” Sauti yake ilishuka. “Nelia, nakuonyesha wewe kama mpenzi wangu, si kama mratibu. Nikiandikwa mimi ndiye mmiliki wa hatari hii, nimekwisha. Nitafute kwanza namna ya kupunguza magunia, kisha ndiyo tuseme.”

Alimshika mkono.  Njia nzima ya kurudi mjini aliuona ufa ule.

Usingizi ulimpaa usiku huo, na asubuhi aliandika. Aliandika ukweli mtupu: ukuta unaweza kuanguka wakati wowote, unaweza kuua, ununuzi Mpui usimame. Akapaka nyekundu.

Bwana Raymond, meneja wa kanda, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya rangi ya udongo na sauti ya padri. Alimfungulia soda yeye mwenyewe.

“Cornelia, binti yangu. Nyekundu hii ikifika makao makuu, watafunga kituo kesho. Sawa?”

“Ndiyo, mzee. Ndiyo maana yake.”

“Na ile mikokoteni pale nje? Wale ni baba zako. Watageuza mahindi wayapeleke wapi? Mvua za kwanza zikiwakuta barabarani, nani atawalisha watoto wao? Hiyo nayo si hatari?”

 Baba yake Cornelia aliwahi kuona mahindi yake yakiota ndani ya magunia barabarani.

“Weka njano,” Bwana Raymond alisema. “Njano maana yake tunaangalia. Msimu ukiisha, fundi anaanza siku hiyohiyo. Nakuahidi.”

Cornelia aliisukuma soda kando. Kisha akafuta nyekundu, akaweka njano, na mkono haukumtetemeka. Hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Meneja hakukomea hapo. Alimwandikia Maganga barua ya kumtaka ajieleze kwa kuzembea ghala, na kabla maelezo hayajakauka wino, akamhamishia kituo kidogo cha Kasesya, mpakani. Pale Mpui akawekwa mtu mwingine, ambaye hakuuliza swali.

Cornelia alimfuata Maganga kituo cha mabasi cha Sumbawanga, mchana kweupe, akamkuta begi begani. Makondakta walipiga kelele za Mbeya na Mpanda, vumbi likizunguka.

“Nilikuonyesha kama mpenzi,” Maganga alisema.

“Maganga, sikuweza kunyamaza. Watu wanafanya kazi chini ya ule ukuta.”

“Sawa. Usinyamaze. Ningekuelewa.” Alicheka, kicheko kikavu. “Lakini ukaweka njano, Nelia. Ungenyamaza, ningesema umenihurumia mimi. Ungeacha nyekundu, ningesema umewahurumia wao. Njano umemhurumia nani?”

“Wakulima…”

“Usinitajie wakulima.”

“Nipe nafasi nikueleze, mpenzi.”

“Nitakupigia,” alisema, akapanda basi.

Hakupiga. Wiki ya kwanza ilikuwa hasira. Maganga aliiona simu ikiita na jina la Cornelia juu ya kioo, akaigeuza kifudifudi. Wiki zilizofuata hasira ilipoa, lakini pale Kasesya mtandao wa Zambia uliinyakua simu yake kila mara, salio likayeyuka kabla hajasema neno, na Cornelia kila alipojaribu alisikia sauti ya mashine ikimwambia mteja hapatikani. Aliamini amefutwa. Na Maganga, alipoona simu haiiti tena, aliamini amesahauliwa. Wote wawili walikonda.

Mwezi wa kumi jua la Ufipa huwaka kabla ya mvua. Pale Mpui hapakuwa na mti karibu na ghala, kivuli cha pekee mchana kilikuwa cha ukuta wa nyuma. Silvana aliketi hapo na sindano yake kubwa, akishona magunia, akiimba kwa sauti ya chini. Wenzake walikuwa wameinuka kwenda kula. Yeye alisema amalizie moja.

Ukuta haukutoa onyo. Wale waliokuwa wakila walisikia kishindo, wakaona wingu la vumbi la mahindi likipanda juu ya bati. Walipofika hapakuwa na Silvana. Palikuwa na matofali na magunia, na mahindi yaliyoendelea kumwagika polepole kama maji.

Cornelia alipata habari akiwa ofisini. Aliinuka, akatoa jalada la Mpui kabatini, akalifungua pale penye njano.

Siku ya mazishi ilinyesha. Kwaya iliimba bila sauti yake ya kwanza, na kila mmoja alilisikia pengo. Cornelia alisimama nyuma kabisa, kanga nyeusi kichwani. Lori la mizigo likasimama barabarani, Maganga akashuka, amelowa, macho mekundu. Dereva aliyepita mpakani ndiye aliyempa habari. Alipita mbele ya Cornelia bila kusema, akatupa udongo kaburini, akapiga magoti kwenye tope. Alilia kama mtoto. Cornelia alitamani kumwinua. Alibaki pale nyuma.

Tume ilikuja kutoka makao makuu. Ilikaa katika ukumbi uleule, na Bwana Raymond alizungumza kwanza, kwa upole wake, akisema taarifa zilizomfikia zilionyesha hatari ya wastani tu. Kisha akaitwa Cornelia.

“Nani aliipima hatari ile kuwa njano?” mwenyekiti aliuliza.

“Mimi.”

“Ulishauriwa na mtu?”

“Meneja aliniambia nibadilishe. Niliandika nyekundu, akaniita, akaniambia weka njano. Lakini hakunishika mkono. Niliufahamu ule ukuta, nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Nilijua unaua. Nikabadilisha.”

Maganga alikuwa kwenye viti vya nyuma, akisubiri zamu yake. Aliinamisha kichwa.

Bwana Raymond alihamishiwa mkoa mwingine, akabaki na cheo chake. Cornelia aliachishwa kazi. Alitoka getini na mfuko wa rambo wenye kikombe chake na viatu vya mvua, akamkuta Maganga amejiegemeza ukutani. Alipomwona aliondoka ukutani haraka, kama aliyeungua.

“Nilikuwa nakupigia,” Cornelia alisema. “Hukuwa unapatikana.”

“Mwanzo nilikuwa sitaki. Baadaye nilitaka, simu ikawa Zambia.” Alijaribu kutabasamu, akashindwa. “Nilidhani umeshanisahau.”

“Wewe nani akusahau na urefu huo.”

 Bodaboda zilipita.

“Nilikubebesha mzigo wangu,” Maganga alisema. “Mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Ningeweza kufunga lile ghala nikafukuzwa. Nilikuonyesha wewe, kisha nikaenda kulala, nikasema Nelia anajua. Na bado nilikuomba usubiri. Hilo sikulisema siku ile mbele ya tume, lakini leo nimelisema waliponiita tena ofisini.”

“Watakufukuza.”

“Labda.” Alimtazama. “Nelia, sina neno tamu leo. Nataka nikuoe. Sijui kama hii ndiyo siku ya kusema.”

Machozi yalimshuka Cornelia bila sauti. “Niulize tena jioni. Kwanza nataka kwenda Mpui, kwa mama yake Silvana. Sitaki asikie kwa watu.”

“Twende wote.”

Bibi huyo alitoka akawakuta wakibisha hodi. Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kitenge cha binti yake. Walimwamkia shikamoo, akaitikia, akawapa vigoda. Cornelia alimweleza yote, kwa Kifipa, tangu ufa mpaka njano. Maganga, ambaye Kifipa chake kilikuwa cha kuombea maji, alielewa kila neno kwa kuutazama uso wa bibi. Kisha naye akasema lake, kwa Kiswahili.

Bibi alilikunja pindo la kitenge cha binti yake, akalikunjua.

“Nimesikia,” alisema mwishowe. “Sasa nendeni, giza lisiwakute njiani.”

Hakuwalaani. Hakuwasamehe pia. Waliinuka, wakaaga, akaitikia, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Barabarani manyunyu yalianza. Walisimama wakingoja gari, mabega yakigusana. Cornelia alilia sasa kwa sauti, na Maganga alimshika, hakumwambia anyamaze.

“Jioni imefika,” alisema baadaye.

“Ndiyo, Maganga. Nitaolewa na wewe.” Alifuta pua kwa kiganja. “Lakini sherehe hapana.”

“Hapana.”

“Wala kwaya.”

“Wala kwaya, mpenzi.”

Lori la kuelekea mjini lilipunguza mwendo. Maganga akampandisha kwanza, kisha akapanda yeye, wakakaa nyuma kwenye bodi tupu, mvua ikiwanyeshea wote wawili.