Chungu cha Kumi na Mbili

Jamaa wakikusimulia kisa hiki huanzia msibani, kwa kuwa hapo ndipo penye la kutisha. Wanakosea. Kisa kilianza Jumanne moja isiyo na neno, saa kumi alasiri, Mdogo alipotoka kazini na kuusukuma mlango wa uani kwa goti, maana mikono yote miwili ilikuwa na mizigo.

Mdogo si jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mdogo wa Dada, na mtaa mzima ulimjua Dada. Yeye alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, siku nzima wima, uso ndani ya mvuke, mashuka hayaishi. Akitoka huko huanza kazi ya pili: kumgeuza Dada kitandani, kumwosha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Kazi ya tatu ilikuwa mitapo. Alikuwa na uchovu ule ambao unalala nao, na asubuhi unakutangulia kuamka.

Dada alikuwa akiikodisha hiyo mitapo kwa mabenki na mahoteli. Bila shaka umeiona mlangoni mwao: shina fupi nene kama mnazi uliodumaa, majani magumu yenye ncha za kuchoma. Alikuwa nayo kumi na miwili, kila mmoja na chungu chake, imepangwa kwenye baraza ya nyuma. "Mtapo hauuawi na kiu," alizoea kusema, "unauawa na huruma." Basi ilikuwa maji kidogo, mchanga mwingi kuliko udongo, matundu chini ya chungu, na kuiacha ibanwe. Mtapo ukibanwa hutulia.

Yote hayo aliyaandika katika daftari, ukurasa kwa kila chungu. Mdogo alilifungua baada ya Dada kupigwa na kiharusi, na jioni ile ya Jumanne alilisoma tena akiwa na kopo la maji mkononi. Wa tatu: umekunywa mno, usipewe tena wiki hii. Wa saba: umeungua na jua, uletwe kivulini. Wa kumi na mbili: amenuna leo. Asiachwe juani, ataumwa kichwa.

Mdogo akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mitapo kumi na mmoja Dada aliiandika kama miti. Huu mmoja tu, uliokuwa chini ya dirisha la chumba chake, aliuandika kama mtu.

"Si ndiye shemeji yako huyo," akasema fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuwa ameegemea ukuta wa uani, pini mdomoni. "Wenzake huwatia waume zao kwenye chupa. Dada yako wake kamtia kwenye chungu."

"Wewe nawe hukosi la kusema," Mdogo alimjibu.

Ulikuwa mzaha wa siku zote. Shemeji alikuwa dereva wa malori, na ilisemekana hapakuwa na kituo cha mafuta asichokuwa na mke jirani nacho. Miaka sita nyuma aliondoka asichukue hata kandambili zake. Dada hakulia, hakutukana, hakumtafuta. Alinunua chungu kimoja zaidi.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu Dada yuko kitandani. Mkono mmoja ulifanya kazi kidogo, ulimi haukufanya kabisa. Daktari alisema mwili unaweza kurudi, ila mwenyewe autake. Mdogo hakuwa na ndugu mwingine chini ya jua. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha kwa vyungu hivyohivyo. Dada akienda, Mdogo atabaki peke yake duniani, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko kifo chake mwenyewe.

Kutwa Dada alikodoa macho dirishani, kwa ule wa kumi na mbili. Ulipoanza kuwa njano, Dada akaanza kukataa uji. Majani mawili yakakauka, naye akafumba mdomo kabisa. Basi Mdogo, kwa akili ya mtu aliyechoka, akayaunganisha mambo mawili: mti ukipona, Dada atapona.

Jumamosi hakuwa na zamu. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, aliuchunguza ule mti akaona tatizo. Chungu kilikuwa kimepasuka toka mdomoni hadi kitakoni, na mtu alikuwa amekifunga waya kukizunguka mara nne. Kwenye ufa vimizizi vilikuwa vimechungulia nje, vimegawanyika ncha kama vidole, na vyote vilielekea juu. Maskini, akasema, umebanwa.

Kanuni ilikuwa chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu. Mdogo alileta nusu pipa. Hakutaka kuja kuirudia kazi hii mwakani.

Alikata waya wa kwanza.

"Asi..."

Akageuka. Sauti ilitoka dirishani.

"Asi... asi..."

Dada! Miezi mitatu, na sasa Dada anasema! Mdogo alitupa koleo, akakimbia ndani huku machozi yanamtoka. Dada alikuwa amejivuta hadi ukingoni mwa kitanda, jasho linamchuruzika, mdomo umepinda kwa jitihada.

"Asi..."

"Asali? Unataka asali, Dada? Ngoja. Ngoja nikuletee."

Chupa ya asali ilikuwepo kabatini. Alimtia kijiko kimoja. Dada aliitema. Alimtia cha pili, akaitema tena, akamshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mmoja, akambana mpaka kucha zikaacha alama. Macho yalimbubujika machozi. Mdogo naye akalia, kwa furaha, akambusu kipaji cha uso, akarudi nje kumalizia kazi.

Mti ulikuwa mzito kupita kiasi. Udongo wake ulikuwa na vuguvugu, ingawa baraza ilikuwa kivulini. Aliutia kwenye nusu pipa, akaujazia mchanga na udongo, akaushindilia. Alipoinua uso kumwonyesha Dada, Dada hakuwa akitazama dirishani tena. Alikuwa akitazama mlango.

Siku ya nne mti ulitoa majani mapya, yote kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya mitapo, yamejikunja kama ngumi. Siku ya tano yalikuwa yamekunjuka. Katikati likachomoza kitu mfano wa bunzi la muhindi, nene kama mkono wa mwanamume. Mdogo alilishika jioni alipotoka kazini. Lilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

Dada alikula uji wake wote siku hizo. Alikula upesiupesi, macho mlangoni, kama msafiri anayeogopa kuachwa na basi. Mdogo aliona anapona.

Alhamisi alikwenda na daftari kazini, ili wakati wa mapumziko aangalie mti wenye bunzi unataka maji kiasi gani. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umegandana na unaofuata, utomvu umeukaukia. Mpiga pasi hashindwi na karatasi. Aliishikilia juu ya mvuke, akaibandua polepole kwa kucha.

Mwandiko wa Dada ulikuwa umekolezwa kwa kalamu.

*Asihamishwe. Chungu kikipasuka, kifungwe waya. Akipata nafasi miguuni ataondoka. Mimi ndiye niliyemweka, ataanza na mimi.*

Mdogo alisoma neno la kwanza. Akalisoma tena. Midomo yake ikalitamka yenyewe.

Asi...

Haikuwa asali.

Aliiacha pasi juu ya shuka. Hakuaga. Alikimbia mtaa mzima na aproni yake ya kazi, saa nane mchana, watu wakimpisha njia. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Asubuhi aliufunga. Anakumbuka aliufunga.

Mitapo kumi na mmoja ilikuwepo.

Nusu pipa lilikuwepo, na udongo ndani yake. Katikati palikuwa na shimo. Udongo haukuwa umemwagika hata kidogo pembeni, kama mtu anavyochomoa mguu kwenye buti.

Sakafuni palikuwa na mchanga mbichi. Ulipita baraza. Ulipita korido. Ulifika kwenye mlango wa Dada.

"Dada?"

Akausukuma mlango.

Dada alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa. Alikuwa amesogezwa upande mmoja wa kitanda, na shuka limevutwa vizuri hadi kifuani. Alikuwa wa baridi. Upande wa pili mto ulikuwa umebonyea. Mdogo aliugusa kwa kiganja, akauondoa upesi. Ulikuwa na joto.

Alikaa sakafuni hapohapo. Nimemuua kwa mikono yangu, alisema. Aliniomba, nikampa asali. Alilisema hilo mpaka majirani walipokuja kumwinua.

Walimzika kesho yake. Siku ya tatu ya msiba, alasiri, watu walikuwa wamejaa uani na Mdogo alikuwa bado wima, akipokea wageni, akiosha vikombe, akiitikia pole. Fundi cherehani alimvuta kando, nyuma ya masufuria.

"Shemeji yako kaja," alimnong'oneza.

"Shemeji yupi?"

"Kwani unao wangapi? Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Kakonda, lakini ana rangi nzuri. Chakula hakugusa. Aliomba maji, nikampa kikombe, akajimwagia miguuni."

Mdogo aligeukia viti vya nyuma. "Yuko wapi?"

"Keshaondoka. Mimi nilidhani mmeonana." Fundi alitazama huku na huku. Hakuwa na mzaha usoni. "Alisema umemfanyia wema, hausahau. Alisema anakuonea huruma, umesimama mno. Halafu akauliza unalala chumba kipi."

"Ukamwambiaje?"

"Mtu ni shemeji yako, na tuko msibani. Nikamwonyesha."

Mdogo aliweka kikombe chini. Alipita katikati ya watu, wakimpa pole, akiitikia. Alifungua chumba chake.

Kando ya kitanda, upande anaoshukia asubuhi, palikuwa na chungu kipya. Kilikuwa kipana kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo Dada. Kokoto zilionekana kwenye matundu ya chini. Mchanga na udongo vilichanganywa na mtu anayeijua kazi. Hakikupandwa kitu. Katikati kiliachiwa nafasi, na udongo ulikuwa umekwisha kulowanishwa.

Alijua anatakiwa kupiga kelele. Nje walikuwapo watu zaidi ya arobaini, wangemsikia. Lakini kelele nazo zinataka nguvu, na yule ambaye alikuwa akijikaza kwa ajili yake alikuwa kaburini. Hapakuwa na wa kumgeuza tena, wala wa kumlisha, wala wa kumwita Mdogo kwa haki.

Akarudishia mlango taratibu. Akakaa kitandani, akakitazama kile chungu muda mrefu. Udongo ulionekana una ubaridi mzuri.

Akavua viatu.