Uso wa Msiba

Dirisha la kuazimia kamera chuoni lilijaa msukumano. Katikati yake kijana mmoja mwenye skafu nzito na miwani myeusi alikuwa akifoka kwamba waongozaji wa filamu hawapangi foleni.

"Kaka, humu ndani jua liko wapi?" akauliza binti aliyekuwa nyuma yake. "Au kipaji ndicho kinachokuchoma macho?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti mwenyewe, gauni la kijani lililofifia na nywele kazibana kwa kalamu, hakutabasamu hata kidogo. Alisomea uhariri wa filamu, na wenzake walimwita Mkasi. Ulimi wake nao ulistahili jina hilo.

Mwalimu akawapanga pamoja. Filamu yao: kijana anarudi nyumbani, anakuta mama yake ameshazikwa.

"Hapa naweka muziki wa huzuni," akasema yule kijana wa miwani, ambaye darasa lilishambandika jina la Muongozaji. "Na hapa. Na mvua."

"Na kitunguu kwa kila mtazamaji?"

"Sasa mpenzi wangu..."

"Mpenzi wako nani?"

"Mdomo umeteleza."

"Ufunge breki. Onyesha uso uliotulia, halafu kitanda kitupu, halafu uso uleule. Watu watajililia wenyewe. Ni wepesi kama karatasi."

Tangu hapo Muongozaji akawa anampigia simu kila jioni. Mkasi alilalamika kwa kila mtu kuhusu simu hizo, na hakuna hata moja iliyoita mara mbili.

Mwigizaji wao alipoingia mitini, Muongozaji akaigiza mwenyewe, Mkasi akashika kamera. Kijana aliigiza vibaya mno. Alikodoa macho, akauma midomo. Kipande kimoja tu kilifaa, cha mwisho kabisa, uso umelegea, macho yamejaa kitu. Mkasi akakizima sauti, akakibandika baada ya kitanda kitupu.

Siku ya onyesho la majaribio darasa zima lililia. Mkasi akawatazama wakipenga kamasi, akawadharau kwa furaha. Kisha akaona kiti cha Muongozaji ki wazi.

"Umeenda wapi?" akamuuliza kwenye simu.

"Kiondoe kile kipande."

"Una wazimu? Ndiyo filamu yote hiyo! Bila hicho hatuna ushindi kwenye tamasha la filamu."

"Ulikuwa umeshasema tumemaliza. Ukacheka. Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ukanigeuza mfiwa." Akakata simu.

Mkasi akarudisha sauti ya kipande kile. Akajisikia akicheka, kicheko kirefu ambacho hakujua anacho, na mbele yake uso ule, hauigizi chochote. Yeye, bingwa wa nyuso, alikuwa ameuona huo akadhani ni msiba. Akajisonya.

Kwenye tamasha filamu ilionyeshwa bila kile kipande. Watu wakapiga miayo. Mwalimu akamwambia Mkasi kazi yake imepoa, naye akamjibu waliotaka machozi wakakate vitunguu kwao.

Muongozaji akamkuta kwenye ngazi za nje.

"Umeiharibu filamu kwa ajili yangu?"

"Usijivune. Nimekataa kuwagawia tu. Ule uso ni wangu."

"Wako?"

"Niliupiga mimi, nikitazamwa mimi. Wa nani mwingine? Jumapili njoo kwetu umweleze mama unachotaka. Uje na shangazi yako. Ukija peke yako utaanza kuigiza."

"Shangazi analia ovyo, mpenzi."

Safari hii Mkasi hakumuuliza mpenzi wake ni nani.

"Aje alie," akasema. "Nitampa kiti cha mbele."