Sauti Haikujaribiwa

Kila alasiri, baada ya kengele ya mwisho, Chapuchapu alipitia kwenye karakana ya shangazi yake. Alitundika sweta la shule nyuma ya mlango, akamimina chai iliyokuwa ikimsubiri kwenye chupa, kisha akachukua brashi na kuanza kutoa vumbi ndani ya kompyuta kuukuu. Jina la Chapuchapu alipewa nyumbani kwa sababu hakujua kufanya jambo polepole. Ukimtuma maji alirudi mbio, ndoo ikiwa nusu, na nusu nyingine ikiwa imebaki njiani.

Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta. Yeye na mafundi wenzake wa miji mingine walikuwa wakitengeneza mfumo wa Linux, yaani programu inayoendesha kompyuta nzima, kwa ajili ya shule, nao waliutoa bure. Kila Jumamosi walikutana kwa njia ya mtandao, na mara hii walikuwa na mzozo. Toleo jipya la mfumo wao lilikuwa karibu kutoka, lakini hawakuwa wamekubaliana litumie kiini kipi. Kiini ndicho sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ile inayozungumza na skrini, kibodi, spika na vifaa vingine vyote. Cha zamani walikijua nje ndani. Kipya kilielewana vizuri na kompyuta za kisasa, lakini hakuna aliyejua kingepatana vipi na kompyuta za zamani zilizojaa mashuleni.

Chapuchapu alikuwa na sababu yake ya kutamani kipya. Mjomba wake alikuwa amemletea kompyuta mpakato, na kwa kiini cha zamani haikuweza kupata mtandao bila waya.

Shangazi alimkabidhi kompyuta za zamani zilizokuwa stoo na kumwagiza aziwekee kiini kipya, kisha ajaribu kila kitu: kuwaka, mtandao, printa na sauti. Msichana alianza vizuri. Kompyuta ziliwaka, mtandao ukapatikana, printa ikatoa karatasi. Ikabaki sauti, na spika za masikioni zilikuwa nyumbani. Rafiki zake walikuwa wakimwita uwanjani. Akajiambia kwamba kompyuta iliyokubali mambo yote hayo haiwezi kugoma kwa kitu kidogo kama sauti.

"Zote zimepita?" shangazi aliuliza.

"Zote, shangazi."

Kwa neno hilo moja, mkutano ukachagua kiini kipya. Shangazi aliwaambia wenzake kwa fahari kwamba kazi ya kujaribu ilifanywa na mpwa wake. Sifa zile zilimwingia Chapuchapu vibaya, kama chakula kilichopita njia isiyo yake.

Wiki iliyofuata, toleo jipya liliwekwa kwenye kompyuta za shule yao. Darasani kwao kulikuwa na mvulana aliyeitwa Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Redio hakuwa akiona. Alisoma kwa kompyuta iliyomtamkia maneno masikioni. Asubuhi hiyo alivaa spika zake, akabonyeza, akangoja. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kilekile.

Mwalimu wa kompyuta aliukagua waya, akaona umelegea, akahitimisha kwamba Redio aliuvuta. Akamwambia asiiguse tena mashine hiyo mpaka fundi apatikane. Siku zilizofuata, wenzake walipokuwa wakiandika insha, Redio alikaa mikono ikiwa magotini.

"Labda ni mimi kweli," alimwambia Chapuchapu wakati wa mapumziko. "Huwa nauchomeka kwa nguvu."

Chapuchapu alimpa nusu ya mkate wake, na alipoona Redio anamshukuru, akatamani ardhi ipasuke immeze. Nyumbani aliisukuma sahani pembeni. Mama alimpima homa, hakukuta kitu.

Alasiri moja alimkuta shangazi akiandika. Fundi wa mji mwingine alikuwa ameleta habari kwamba shule mbili zimekuwa na kompyuta bubu, naye akauliza kama kiini kipya ndicho chanzo. Shangazi alikuwa akimjibu kwamba haiwezekani, sauti ilijaribiwa hapa kwao, pengine spika zao zimekufa. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma.

"Shangazi, usitume."

Shangazi aligeuka.

"Sauti sikuijaribu. Nilikudanganya."

Shangazi alivua miwani. Hakufoka, na hilo lilimuumiza msichana zaidi. Akafuta jibu lake, akaandika jingine, kwamba kosa ni la kwao na anaomba radhi. Kisha akamtuma Chapuchapu akalete spika za masikioni. Walijaribu pamoja. Kwa kiini cha zamani, sauti ilisikika vizuri. Kwa kiini kipya, kompyuta zile hazikutoa hata mkoromo.

Mafundi walikutana jioni ileile. Waliamua mfumo wa shule urudi kwenye kiini cha zamani, na kipya kiwe cha hiari kwa wenye kompyuta za kisasa.

Asubuhi yake Chapuchapu alisimama mbele ya mwalimu na Redio, akasema yote. Mwalimu alimwomba Redio msamaha. Redio alimgeukia Chapuchapu.

"Ungeniambia siku ya kwanza," alisema. "Nimekuwa nikijilaumu hadi usingizini."

Chapuchapu aliirudisha kompyuta kwenye kiini cha zamani kwa mkono wake, mwalimu akimsimamia, mpaka sauti ikarudi. Redio alianza kuzungumza naye tena baada ya siku kadhaa, kwanza kwa neno moja moja.

Jumamosi moja, Chapuchapu akiwa kando ya shangazi, mafundi waliuliza kama marekebisho mapya ya kiini kipya yamejaribiwa.

"Printa bado," Chapuchapu alisema.

Hakuna aliyekasirika. Walikubaliana kusubiri.

Mkutano ulipokwisha, shangazi alimsogezea kikombe cha chai. "Kuchagua kiini kipya hakukuwa kosa, mwanangu. Hata sisi wazima tunabishana juu ya hilo. Kosa lilikuwa kutufanya tuchague kwa neno lisilo la kweli. Sisi hatukuwapo stoo, wewe ndiye uliyekuwa macho yetu. Ukisema 'bado', tunachelewa tu. Ukisema 'tayari' na si tayari, kuna mtu mahali fulani atakaa mikono magotini, akidhani kosa ni lake."