Bibi Sikweli

Nyumba ile haikuhitaji saa ya kuamsha watu. Mtoto wa mwisho akiamka, wote wameamka. Aliimba akivaa soksi. Aliimba akipiga mswaki, povu likimtoka mdomoni. Ndiyo maana walimbandika jina la Kinanda.

"We mtoto, hebu pumzika," mama alizoea kumwambia. "Hata redio huzimwa."

Basi wiki ile redio ilizimika. Kinanda hakuimba wala hakuuliza maswali. Mama alipochukua mkoba wake aende kazini, mtoto alimkamata gauni kwa mikono miwili.

"Mama, usiende."

"Niachie, mwanangu. Jana nimechelewa. Juzi nimechelewa."

"Usiende, mama!"

Mama alikuwa dobi hospitalini. Alifua mashuka ya wagonjwa, na mashuka hayamsubiri mtu. Msimamizi wake alikuwa ameshamwonya. Akichelewa tena, nafasi yake atapewa mwingine.

Dada mtu, msichana wa sekondari, aliyaona yote haya huku akifunga kamba za viatu. Wenzake shuleni walimwita Spika, maana alipenda kuongoza mikutano na kuwaamuru watu waketi. Nyumbani hakuna aliyeketi.

"Kinanda, una nini? Kuna mtu kakupiga?"

Kinanda alitikisa kichwa.

"Unaumwa?"

Akatikisa tena. Ilibidi Spika amfungue vidole kimoja kimoja. Mama akatoka mbio, na Kinanda akalia njia nzima hadi shuleni. Spika alimwonea huruma sana, lakini hakujua la kufanya.

Siku hiyo hiyo Spika alikuwa na mkutano wa klabu yao. Walikuwa na kampeni ya kuwakinga watoto na uzushi wa mtandaoni. Ilianza hivi. Kwenye simu za wazazi ulizagaa ujumbe wenye picha ya bibi wa kutisha. Maneno yake yalisema: "Usipotuma ujumbe huu kwa watu saba, mama yako atachukuliwa." Watoto walioona simu za wazazi wao walilia. Klabu ikaapa kuukomesha uzushi huo.

Walikuwa na kijana wao mmoja, Mchoraji. Jamani, huyo kijana ana mkono! Alimchora bibi yule kwenye karatasi kubwa, macho yamemtoka kama sahani. Juu ya kichwa aliandika kwa rangi nyekundu: SI KWELI. Chini yake Spika aliandika maelezo marefu kwa herufi ndogo. Alhamisi iliyopita walibandika mabango hayo kwenye kuta za shule ya msingi, ng'ambo ya uzio. Kisha wakapeana tano.

"Mabango yetu yanafanya kazi," Mchoraji aliwaambia wenzake. "Watoto wanajazana kuyatazama."

"Safi sana," alisema Spika. Lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani.

Jioni jirani yao alikuja kuazima pasi. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya mtaa wa pili.

"Hodi! Mbona nyumba imepoa? Kinanda amesafiri?"

"Afadhali angekuwa amesafiri," mama alijibu. "Yuko pale kwenye kona. Tangu Ijumaa hataki niende kazini, na hasemi kwa nini."

"Labda ameona ule ujumbe wa bibi," Spika alisema.

"Kwa simu gani?" mama aliuliza. "Hii yangu ya vitufe? Hii hata picha yangu mwenyewe haijui."

Mwalimu alivua viatu. Alikaa mkekani karibu na Kinanda. Palikuwa na rundo la nguo, wakaanza kuzikunja pamoja, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Walipofika kwenye gauni la mama, Mwalimu akauliza polepole.

"Mama akienda kazini, unaogopa nini kitatokea?"

"Atachukuliwa."

"Na nani?"

Kinanda alitazama mlangoni kwanza. Kisha akanong'ona: "Na Sikweli."

"Sikweli ndiye nani?"

"Yule bibi wa macho. Yuko ukutani shuleni. Jina lake limeandikwa juu ya kichwa chake. Nimesoma mwenyewe. Si-kwe-li. Na watoto wa darasa la tano wamesema anachukua mama za watu."

Mama aliangua kicheko. Spika hakucheka.

"Mungu wangu," alisema. "Ni bango letu!"

"Jirani yangu, usicheke," Mwalimu alimwambia mama kwa upole. "Ukimcheka leo, kesho hatakuambia kitu."

Mama akakata kicheko palepale. Akamvuta Kinanda, akampakata.

"Lakini Mwalimu, tumeandika si kweli," Spika alilalamika. "Tena kwa herufi kubwa!"

"Kwako wewe ni si kweli. Huyu ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi. Kwenye kitabu chake kuna picha ya ng'ombe, na hapo hapo pameandikwa ng'ombe. Kuna picha ya jembe, pameandikwa jembe. Wewe umemwekea picha ya bibi na neno juu yake. Ulitaka afikirie nini?"

"Na maelezo ya chini je?"

"Ah, hayo uliwaandikia walimu."

Spika alitaka ardhi ipasuke aingie. Mdogo wake alikuwa amelala na hofu kwa sababu yake, na mama alikaribia kupoteza kazi.

"Tena sikiliza," Mwalimu aliendelea. "Uzushi unataka kitu kimoja tu, kupitishwa. Nyinyi mlikataa kuutuma kwa simu, mkaubandika ukutani. Kinanda hana simu. Asingemwona huyo bibi maisha yake yote."

"Sasa tufanyeje?"

"Anzeni na ukweli. Picha ya kutisha muiache. Mwonyesheni mtoto cha kufanya. Ujumbe ukimtisha, au ukimhimiza atume haraka, au ukimwahidi zawadi ya bure, asitume. Ampelekee mtu mzima anayemwamini. Na sisi watu wazima tuulize kabla ya kuamini. Nani kasema? Amejuaje?"

"Na mimi je?" Kinanda aliuliza kutoka mapajani mwa mama. "Sikweli atakuja?"

Spika alipiga magoti mbele yake.

"Kinanda, kikombe cha mama kilipovunjika ulisemaje?"

"Si mimi!" Jibu hilo lilitoka upesi. Lilikaa tayari mdomoni mwake siku zote.

"Si mimi maana yake nini?"

"Kwamba siyo mimi niliyevunja."

"Haya." Spika alichukua karatasi, akaandika SI upande mmoja na KWELI upande mwingine. Katikati aliacha nafasi. "Weka kidole hapo, kisha usome."

Kinanda aliweka kidole. "Si," alisoma. Akasogeza kidole. "Kweli." Akakunja uso. "Si... kweli? Yaani uongo?"

"Uongo mtupu. Hakuna bibi. Kuna mtu alikaa akatunga, ili watu watumiane. Mama anakwenda kufua mashuka, halafu anarudi."

"Kwa hiyo siyo jina?"

"Siyo jina."

"Sasa mbona mlimchora?"

Spika alikosa pa kujificha. "Tulikosea. Nisamehe, mdogo wangu."

Kinanda alimrudishia karatasi. "Na macho yake mmeyakosea," alisema. "Ni makubwa mno."

Asubuhi yake alimshika mama gauni tena, ila kwa mkono mmoja. Mama akasubiri. Mwishowe mtoto akaachia mwenyewe. Mama akafika kazini mapema.

Kazi ilikuwa kumwambia Mchoraji.

"Nitoe mabango yangu?" alifoka. "Unajua nimehangaika vipi na yale macho?"

"Umechora vizuri mno, ndiyo taabu yenyewe," Spika alimjibu. Akamweleza habari za Kinanda, tangu mwanzo hadi mwisho. Mchoraji alinuna kidogo. Kisha akaenda mwenyewe kuyabandua, yote.

Bango jipya lilikuwa na mtoto anayempa mama yake simu. Juu waliandika: MAMA, HEBU ONA HII. Chini waliandika: USITUME. ULIZA KWANZA. Safari hii hawakubandika mara moja. Waliomba ruhusa kwa mwalimu wa darasa la kwanza la Kinanda, wakaingia darasani nalo.

"Mnaona nini hapa?" Spika aliuliza.

"Mtoto anampa mama sabuni!" watoto walijibu kwa pamoja.

Mchoraji alishika kichwa. Alikwenda kuichora simu upya, safari hii na vitufe, kama ya mama yake Kinanda. Watoto wakaitambua. Ndipo wakabandika.

Pia waliwafundisha watoto mchezo. Spika anasema habari, na darasa linauliza kwa sauti: "Nani kasema? Amejuaje?" Mchezo ulikolea kupita kiasi. Wazazi walianza kulalamika. Ukimwambia mtoto akaoge, anakuuliza nani kasema.

Lakini haukupita muda, ukaja ujumbe mwingine. Huu uliahidi mabegi ya bure kwa kila mtoto atakayetuma jina lake na namba ya simu ya mzazi. Msichana mmoja wa darasa la Kinanda aliukuta kwenye simu ya baba yake. Hakugusa kitu. "Baba, hebu ona hii," alisema. Baba akapiga simu shuleni. Mwalimu mkuu hakujua lolote kuhusu mabegi, akawaonya wazazi wote siku hiyo hiyo. Darasa zima hakuna jina lililotumwa.

Nyumbani kwa Kinanda, nyimbo zilirudi. Asubuhi moja mama alisimama mlangoni, mkoba begani. Aliusikiliza wimbo ule wa soksi mpaka ukamchekesha.

"Leo siendi kazini," mama alisema kwa sauti. "Nakaa hapa hapa nimsikilize mwanangu."

Kinanda alitokeza kichwa, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akamtazama mama, kisha akautazama mkoba.

"Si kweli!" alisema. "Nenda, mama. Utachelewa."