Ukuta Uliokunywa Maji

Msusi alikuwa saluni kwake, chini, akimwosha mteja nywele. Juu ya saluni ndiko walikolala. Mama mkwe wake alikuwa huko kitandani, maana miguu ilishamkataa. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi ya udongo. Sakafu ya juu ilikuwa ya mbao. Mume wa msusi aliijenga nyumba hiyo mwenyewe, kisha akaupaka udongo wote plasta ya saruji ili ing'ae.

"Shoga, hilo povu au mchanga?" mteja akauliza, akipangusa punje zilizomdondokea usoni.

Kabla msusi hajajibu, ukuta ulisema kra! Kipande cha plasta kikaangukia beseni. Nyuma yake udongo ulikuwa kama uji. Msusi akaubonyeza. Kidole kikazama chote.

Ukuta huo ndio uliobeba chumba cha mama.

Mteja alitoka mbio na povu lake kichwani. Msusi akamwita mumewe aliyekuwa uani, na jirani yao, fundi wa nyumba za udongo.

"Nani yuko juu?" fundi akauliza.

"Mama."

"Tumtoe sasa hivi. Polepole."

Mama akagoma. "Siteremki! Nitafia kitandani kwangu."

"Mama, hutakufa peke yako. Utatuua na sisi!" msusi akamjibu.

Mume na fundi wakambeba na godoro lake. Kila ubao ulipolia, msusi alibana pumzi.

"Mnanitikisa kama gunia la mkaa!" mama akalalamika.

Walipofika nje, mume akachukua sururu. "Naubomoa leo leo."

Fundi akamshika mkono. "Unataka ghorofa ikuangukie? Nguzo kwanza!"

"Lakini saruji si ndiyo imara, kaka?"

"Si juu ya udongo mbichi. Maji ya saluni yanaurukia kila siku. Saruji inayafungia ndani. Ukuta haukauki, unaoza huku unapendeza."

Basi wakaegemeza sakafu ya juu kwa nguzo nene za mbao. Ndipo wakatoa matofali yaliyooza, sehemu ndogo ndogo. Chini wakajenga kwa mawe, juu wakapanga matofali makavu. Saruji yote wakaibandua, wakapaka udongo uliochanganywa na majani makavu. Paa wakalitokeza zaidi nje ili mvua isiupige ukuta. Beseni za kuoshea zikahamia kibanda cha mawe uani, chenye mfereji wa kupeleka maji mbali.

"Kazi ya maji isikae kwenye ukuta uliobeba watu," fundi akasema. "Hilo lipangeni kabla ya tofali la kwanza."

Ukuta ulipokauka, fundi akasema mama anaweza kurudi. Mama akakaza macho.

"Aliyejenga atangulie."

Mume akapanda. Wakamsikia akitembea kona hadi kona. Msusi alifumba macho. Hakikudondoka hata chembe.

"Haya, nipandisheni," mama akasema. "Huku chini wateja wenu wana umbea mno."

Msusi akakamata upande mmoja wa godoro. Akapanda, akijaribu kila ubao kwa mguu kabla ya kuukanyaga.