Mzigo wa Kumi na Mbili

Emilian na mkewe Getruda wanaishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wanalima mahindi, karanga na viazi vitamu. Wana watoto watatu. Modest ana miaka tisa. Magreth ana miaka sita. Fikiri ana mwaka mmoja na nusu, na bado anabebwa mgongoni.

Kwihara hakuna siri. Ukipanga kusafiri Jumamosi, Jumatano kijiji kizima kinajua. Na wakijua, wanakuja na vitu vya kutuma.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba iliyopita. Getruda alitaka kwenda Igunga kula Krismasi kwa mama yake. Alianza na mabegi mawili tu. Kisha akaongeza kapu la karanga. Akaongeza furushi la mablanketi, eti huenda kukawa na baridi. Igunga, baridi, mwezi wa Desemba! Akaongeza ndoo, sufuria na beseni la kumwogeshea Fikiri. Majirani nao wakaleta vyao. Mzee Octavian alileta dumu la asali. Wengine walileta mchele, mchi, na kuku waliofungwa miguu.

"Mama Modest, hivi vyote atabeba nani?" Emilian aliuliza.

"Vitabebeka. Ulitaka niende kwa mama mikono mitupu?"

Emilian alicheka, akajipiga kifua. "Haya! Sisi ni Wanyamwezi. Mababu zetu walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Sisi tuna basi."

Walihesabu mizigo. Ilikuwa kumi na mmoja.

Siku ya safari, bajaji ikiwa imeshawashwa, jirani yao Mama Vedasto alikuja mbio. Alikuwa na kiroba kichwani.

"Jamani, nisaidieni! Nimemkatia binti yangu michembe. Yuko hapo hapo Igunga."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kiroba kizima! Getruda aliona haya kukataa. Kiroba kikaingia kwenye bajaji. Hakuna aliyekihesabu.

Walipofika Nzega, ilibidi wabadilishe basi. Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Mpiga debe mmoja alinyakua ndoo akaenda kulia. Mwingine alinyakua kapu akaenda kushoto. Kuku mmoja alifunguka. Modest alimkimbiza kuku, na Emilian akamkimbiza Modest. Fikiri alilia. Getruda hakujua amfuate nani.

Emilian alirudi anahema. Alikiweka kiroba kando ya kibanda cha chipsi, akamketisha Magreth juu yake.

"Kilinde hiki, mama. Usiondoke hapa mpaka nije. Umesikia?"

"Ndiyo, baba."

Getruda alisimama mlangoni mwa buti la basi akihesabu. "Tisa, kumi, kumi na moja. Imetimia!"

"Twende, twende!" konda alipiga kelele.

Getruda alikaa mbele na Fikiri. Emilian na Modest walisukumwa mpaka nyuma kabisa. Watu walikuwa wamejaa katikati. Basi likaondoka.

Baada ya kama robo saa, Getruda alimenya yai. Alisimama na kuita, "Baba Modest! Mpe Magreth yai hili."

"Magreth si yuko na wewe? Ulisema imetimia!"

"Na mimi wapi? Yuko na wewe!"

"Huku hayupo."

"Usinitanie, baba Modest."

Hakuwa anatania. Waliinama chini ya viti. Waliangalia kila sura. Abiria mmoja alisema amemwona mtoto akipanda. Mwingine alisema hapana, huyo ni wa kwake. Getruda alipiga yowe moja tu, na dereva akasimamisha basi.

Emilian aliruka chini, akasimamisha pikipiki, akarudi Nzega. Getruda alibaki mlangoni mwa basi. Hakujua ashuke au akae. Akishuka, mizigo itaangaliwa na nani? Hata saa ile aliwaza mizigo. Anajilaumu mpaka leo.

Emilian alifika stendi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Magreth alikuwa pale pale, kando ya kibanda cha chipsi. Alikuwa ameketi juu ya kiroba, mikono yote miwili imekishika. Gauni lake lilikuwa limelowa. Alikuwa amejikojolea, kwa sababu aliambiwa asiondoke.

"Baba," alisema, "sijaondoka. Na kiroba kipo."

Emilian alimbeba, akaanza kulia mbele ya watu.

Jioni wote walikutana Igunga, kiroba nacho kikafika. Krismasi ilikwisha, wakarudi nyumbani. Getruda aliapa hasafiri tena na watoto. Lakini mwezi wa sita simu iliita. Ilikuwa ni Deus, mdogo wake wa mwisho. Anaoa, huko huko Igunga.

"Dada, usipokuja wewe, nani ataniombea kanisani?" Deus alisema.

Getruda alitoa begi uvunguni. Magreth aliliona. Alikimbilia nyuma ya nyumba, akakataa kutoka.

"Mimi siendi!" alilia. "Mtaniweka kwenye mzigo, halafu mtaondoka!"

Getruda alikaa chini na begi mapajani. Asipokwenda, mdogo wake ataoa peke yake. Akimwacha Magreth kwa jirani, mtoto ataona ameachwa mara ya pili. Akimchukua kwa nguvu, je?

Jirani yao Asnath alisikia kilio, akaja. Asnath anauza vitenge minadani. Kwa miaka minane amezunguka Nzega na Igunga, mtoto mgongoni na begi moja mkononi.

"Shikamoo, dada," Getruda alimwamkia huku akijifuta macho.

"Marahaba. Mama Modest, tandika mkeka. Lete kila kitu unachotaka kubeba."

Getruda alileta. Mkeka ulijaa. Asnath alinyanyua beseni.

"Igunga hakuna beseni?"

"Lipo."

"Basi hili linabaki. Blanketi?"

"Mama anayo."

"Linabaki. Na huu mchi ni wa nini?"

Getruda aliutazama mchi. "Hata mimi sijui," alisema.

Asnath aliruhusu nguo tatu tatu kwa kila mtu. Moja ya mwilini, moja ya kubadili, na moja ya harusi. "Igunga kuna maji, kuna sabuni, na jua ndiyo usiseme. Mtafua. Fikiri mwongezee tatu, huyo hana breki."

Kisha akasema, "Sasa nyoosheni mikono."

Emilian na Getruda walitazamana. "Mikono ya nini tena?" Emilian aliuliza.

"Nyoosheni tu. Mko watu wazima wawili. Mikono minne. Modest anataka mkono mmoja wa kumshika. Magreth anataka mmoja. Mmoja unashika tiketi na simu. Imebaki mingapi?"

"Mmoja!" Modest alijibu haraka.

"Na Desemba mlikuwa na mizigo mingapi?"

Emilian alitazama vidole vya miguu yake. "Kumi na miwili," alisema. Kisha akajitetea kidogo. "Lakini shemeji, mababu zetu..."

"Mababu zako walikuwa wapagazi, na kazi waliijua. Mtu mmoja, mzigo mmoja begani. Wewe ulitaka kuwa msafara mzima peke yako."

Getruda alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Walipanga upya. Begi kubwa moja lilikuwa la Emilian, la kuvaa mgongoni. Modest alipewa mkoba wake wa shule, nguo zake ndani. Getruda alipata kibegi kidogo cha kuning'iniza begani. Humo waliweka maji, chakula, nguo za Fikiri, dawa ya homa na kadi ya kliniki.

"Hiki hakiingii kwenye buti hata konda akupigie magoti," Asnath alisema. "Mtoto akitapika njiani, nguo iliyo kwenye buti haina kazi. Na kila mtoto awe na mtu wake. Magreth ni wa baba. Modest na Fikiri ni wa mama. Asiwepo wa kudhani. Waandikieni karatasi yenye jina na namba ya simu, mweke mfukoni mwao. Mkibadilisha basi, hesabuni watoto kwanza, kwa jina na kwa macho. Mizigo baadaye."

"Na Magreth atabeba nini?" Getruda aliuliza.

"Habebi kitu. Wala halindi kitu."

"Na majirani? Watanuna."

"Wanune siku mbili. Mzigo una ofisi yake stendi. Unaandikwa jina na namba ya mpokeaji, unasafiri wenyewe. Mtoto hana ofisi ya namna hiyo."

Kesho yake Mama Vedasto alikuja. Kiroba kichwani.

Getruda alikuwa anafunga begi na Asnath. "Mama Vedasto, safari hii siwezi. Stendi kuna ofisi ya mizigo, Asnath anaijua."

"Michembe tu hii? Au siku hizi tumekuwa wageni?"

Magreth alikiona kiroba. Alijificha nyuma ya mama yake, akakishika kitenge cha mama kwa ngumi mbili. Mama Vedasto alimtazama. Kijiji kilikuwa kimesimulia habari za Nzega, lakini hakuna aliyemwambia kiroba kilikuwa cha nani. Taratibu alikishusha.

"Alikaa juu ya kiroba changu?" aliuliza.

"Hicho hicho."

Mama Vedasto alimgeukia Asnath. "Asnath," alisema, "hiyo ofisi ya mizigo iko upande gani wa stendi?"

Jumamosi walisafiri. Nzega ilikuwa na kelele zile zile. Emilian alishuka na Magreth, akageuka kutafuta mizigo. Alibabaika. Halafu akagusa mgongo wake, akakumbuka kwamba yote ameivaa.

"Modest!" Getruda aliita.

"Nipo!"

"Fikiri yuko mgongoni. Magreth!"

Magreth alikuwa ameshikwa mkono na baba yake, lakini macho yake yalikuwa kwenye kibanda cha chipsi.

"Baba," alisema polepole, "leo nalinda nini?"

Emilian alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Hulindi kitu, mama."

"Hata kiroba?"

"Hata kiroba."

Magreth alifikiri. Alitazama chini ya meza ya kibanda, akatazama kando, akahakikisha.

"Basi naomba chipsi."

Walikula wamesimama. Emilian alilishwa na Magreth, kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa na tiketi na wa pili ulimshika Magreth, hakutaka kumwachia. Basi la Igunga lilipopiga honi, Getruda alisimama mlangoni akahesabu kwa sauti, konda apende asipende. Walipanda watu watano.