Oveni ya Charline

Dada yangu Charline, mwokaji keki wa mtaa wa Keshero, Goma, ana kiburi cha jikoni. Ukimsaidia kukoroga unga anakupokonya mwiko. Kwa hiyo mchana ule aliponiita akisema oveni ya gesi imekataa kuwaka, na keki ya arusi inangoja, nilijua maji yamemfika shingoni.

Jiko lake lilichimbwa ndani ya mawe ya volkano, ngazi chache chini ya ua. Nilimkuta fundi Florent amepiga magoti mbele ya oveni. Chupa ya gesi imejaa. Mpira mzima. Vitundu vya moto amevizibua kwa sindano. Alisimama akawasha kiberiti, kikawaka vizuri. Akakishusha. Kikazimika.

"Mama Charline, hii four haina kosa," alisema akiigonga oveni. "Kuko kintu inazima moto."

"Wacha mambo ya bulozi, papa," alicheka Charline, asiyeamini uchawi wa mtu yeyote. "Jaribu tena."

Nikapanda kuleta kiberiti kingine. Mlango wa juu ya ngazi ukajifunga nyuma yangu.

Sisi wa Goma tunaijua mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama pale palipo chini. Kabla ya kuingia shimoni tunateremsha moto, ukizimika, hatuingii. Lakini nani hupima jiko lake mwenyewe? Florent alipima mbele ya macho yetu, nasi tukailaumu oveni.

Yaliyofuata alinisimulia Charline. Florent aliinama, hakuinuka. Charline akakimbilia mlango. Haukusogea. Kitu kiliusukuma kutoka nje, na kilikuwa kinahema. Akapiga mayowe. Ndipo sauti ya Florent ikanong'ona, ndani ya oveni.

"Inama, mama. Inama kidogo."

Florent alikuwa sakafuni. Midomo imefumbwa.

Charline alibana pumzi. Akainama. Akamshika kwapani, akamburuta ngazi kwa ngazi.

Mimi niliporudi na kiberiti, niliufungua mlango kwa kidole. Hauna komeo. Uani sikuona mtu, wala sikusikia yowe lolote.

Florent alizinduka, tukalia kwa furaha. Lakini jana mkewe, Bénédicte, alinijia. Alikuwa amewasha mshumaa wa sala kando ya mumewe aliyejilaza. Florent akamgeukia, akapumua tu, hakupuliza. Mshumaa ukazimika, kama kile kiberiti cha jikoni. Bénédicte akauwasha tena. Florent akapumua.

"Batoto nimebapeleka kwa mama yangu," alininong'oneza. "Lakini mimi ni bibi yake. Nitaenda wapi?"